Alipoishia

Mvua ya Bukavu haipigi hodi.
Huteremka toka upande wa Kahuzi, ikafika Cimpunda,
ikayatwanga mabati ya darasa letu la sita
hata ukimwita jirani sikioni, hasikii.
Walimu wengine walifunga vitabu, wakangoja.
Baba aliinua chaki.
Akaandika kimya ubao mzima, akafuta kwa kiwiko,
akaandika tena,
nasi hamsini na wanane tukajifunza sehemu
kwa macho tu, kama viziwi.

Njiani asubuhi alikuwa baba.
Alinishika mkono kwenye ngazi za udongo,
viatu vyake ndani ya mfuko, kwapani,
avivalie mlangoni pa shule.
Tukifika langoni, mkono ukaniachia.
"Kuanzia hapa mimi ni Mwalimu Zihindula,
na wewe ni namba arobaini na moja."

Mwaka ule nilianguka. Kwa alama mbili.
Mama Nsimire alimnunia siku nne,
akampakulia bwakari bila sambaza.
Baba akala. Akasema asante.
Usiku wa tano nikamsikia nyuma ya pazia:
"Nikimwongezea wangu mbili,
wa jirani nimwambie nini?"
Kisha akakohoa, akakohoa, hadi majogoo.
Nikarudia darasa. Kinyongo ninacho bado,
kidogo, kama uzi wa nyama kwenye jino.

Jumapili, mama akiwa sokoni,
alitusuka yeye, sisi wasichana watatu,
magoti yake yamenibana mabega.
Mistari ikapinda. Tukalia.
"Mistari sambamba haikutani," alisema,
"lakini hii yenu inapenda kusalimiana."
Tukaenda kanisani hivyo hivyo,
na yeye mbele yetu, kifua wazi,
kama aliyejenga daraja.

Mshahara ukikosa kuja,
na ulijua kukosa,
aliketi nyuma ya soko la Kadutu akishona miamvuli.
Wanafunzi wakipita, hakuinamisha uso.
"Njoo ushike waya huu.
Niambie kwanza, pembe hii ni ya nyuzi ngapi?"
Aliyejibu vibaya alikaa hadi ajibu vizuri,
na mteja akangoja, na mvua ikangoja.

Chini ya kitanda tumekuta daftari.
Nilidhani ni madeni.
Ni majina ya waliofukuzwa kwa kukosa minervali,
mwaka baada ya mwaka, kwa wino wa bluu:

Cishugi – aliishia kuzidisha desimali.
Nabintu wa fundi viatu – aliishia insha, aya ya pili. Ilikuwa nzuri.
Mugisho – aliishia mto Ruzizi, hajafika Tanganyika.

Kando ya baadhi, alama nyekundu: amerudi.
Kando ya wengine, karatasi tupu.

Siku ya pili ya matanga alikuja mtu mwenye mvi,
mikono ya grisi, fundi wa malori.
Hakuketi. Akaniuliza kwa sauti ya mtoto:
"Nasikia kuna daftari. Jina langu limo?
Nilifika wapi?"
Nikatafuta, nikamsomea.
Akacheka, kisha mabega yakamshinda.
"Miaka thelathini na mbili," alisema,
"na maji yangu bado yako njiani."
Nikamwonyesha kwenye ramani ya baba, ile ya ukutani,
iliyoliwa na mende upande wa Kusini.
Kidole chake cheusi kikashuka taratibu,
Kamanyola, Uvira,
kikaingia ziwani.
Nikachukua kalamu nyekundu. Mkono haukutulia.

Sasa wageni wamekwenda.
Turubai limebaki, mvua imelikuta.
Nimefungua ukurasa wa mwisho,
nimeandika jina lake, nikaweka kistari,
na sijui niandike nini baada ya hapo.
Mama anaosha sufuria, ananitazama kwa muda,
lazima apige kelele nimsikie:
"Andika mwamvuli wa Mama Riziki!
Uko nyuma ya mlango.
Umebaki waya mmoja."