Kilango cha Shingoni

Lala chali, Bwana Liau. Geuza uso ukutani.
Jeli ni ya baridi, unisamehe;
kipasha joto kimekufa tangu Jumatatu
na kesho ya fundi wa Tainan haijawahi kufika.

Mkeo amenieleza mlangoni, kama anayeshtaki:
ulipuliza zumari maziko matatu siku moja,
ya tatu ukayamaliza bila kukosea,
ukalifuta zumari, ukalifunga kitambaani,
kisha ukauliza, "Nani amekufa?"
Akakujibu. Ukauliza tena.
Mara kumi na saba. Alihesabu kwa vidole,
vikaisha, akahesabu kwa karanga.
Jioni ulirudi,
ila asubuhi ile hukurudi nayo.

Basi tuitafute hapa, chini ya taya.
Naweka kifaa kwa wepesi,
maana mshipa huu si ateri, mbishi, mpiga ngoma.
Ukiugandamiza unasinyaa,
unajifanya haupo.
Huu hapa: mweusi, mpana, unalegea na pumzi,
na ndani yake, hafifu kama mbawa za kumbikumbi,
vali,
vijiwamba viwili vinavyoachia damu ishuke
na kuizuia ikitaka kurudi.

Sasa vuta pumzi. Funga mdomo. Sukuma
kama unayepuliza zumari lililozibwa.
Usicheke, picha inatikisika.
Sukuma.

Buluu ikageuka nyekundu.
Kijiwamba kimoja kilifika mahali pake.
Cha pili hakikuja.
Nikahesabu sekunde, moja, mbili, karibu tatu,
damu ikipanda kichwani
kama mgeni aliyekwisha kuaga, akakumbuka mwavuli.

Daktari Hsieh ataandika: vali ya kulia haifungi.
Hataandika kwamba ndiyo iliyokula asubuhi yako.
Hatujui. Wapo wengi wenye vali kama hii
na wanakumbuka hata madeni ya wenzao.
Lakini mimi, gizani hapa, nawaza:
miaka arobaini na sita umewasindikiza watu wasiorudi,
na shingoni mwako, pumzi kwa pumzi,
kitu kimejifunza kurudi.

Nampa taulo. Anajifuta polepole, nyuma ya sikio pia.
"Alhamisi nina maziko, mama mmoja wa soko la samaki.
Naweza kupuliza?"
Muulize daktari, namwambia.
Ananitazama, kisha anamtazama mkewe
aliyekaa pembeni, kiganja kimefumbwa.
"Nimeshakuuliza hilo?"

Hapana, Bwana Liau.
Hii ni mara ya kwanza.