Ikizimika

Umeme umekatika tena Kihesa, saa moja na nusu,
na mvua imeacha kunyesha ghafla
kama mtu aliyekumbuka kaacha chungu jikoni.
Natafuta kiberiti kwa vidole.
Tofali la kuchoma, vizibo tisa vya soda,
mafuta ya alizeti yaliyobaki kwenye maandazi,
tambi za pamba nilizosokotea pajani.
Hiyo ndiyo taa yetu. Ile ya shaba ilibaki Ulaya,
kwenye nyumba ambayo Bibi Gitla hakuwahi kuutaja mtaa wake.

Aliletwa kambi ya Ifunda ana miaka tisa,
mkimbizi wa vita, na koti la sufu lisilo na kifungo.
Wenzake walipoitwa kurudi melini, yeye alibaki.
Akaolewa na Kiyeyeu, seremala wa Kalenga,
aliyemtobolea mwimo wa mlango, bila kuuliza mengi,
kijitundu cha kuhifadhi karatasi yake ya maneno.

Mpaka leo nikitoka na ndoo naugusa mwimo.
Siku nyingine nasahau, nafika bombani,
narudi, nauguza mkono kwa ubaridi wa mbao,
ndipo naenda.

Sikujua kama hiyo ni dini. Nilidhani ni tabia ya bibi,
kama kuifukia nyama kwenye chumvi, kisha kuisuuza,
kama sufuria ya maziwa kutoonja mchuzi hata siku ya msiba,
kama alivyobishana na mbingu miaka arobaini:
ugali husomewa baraka gani? Si mkate. Si tunda.
Akafumba macho, akachagua, akamega.

Hanuka ilimsumbua zaidi.
"Ni sikukuu ya usiku mrefu," alinung'unika, "ya theluji dirishani."
Hapa Desemba mahindi yanachipua na matope yanavua watu viatu.
Baridi yetu huja Juni, ikaunguza viazi vya Makete.
Mwinjilisti wa jirani alimwambia Kiswahili chake ni Kutabaruku.
Bibi alilipenda neno hilo, akalitafuna siku nzima.

Leo usiku wa tano. Taa tano, na mtumishi wao.
Zipora anasogeza daftari la hesabu.
"Si kwa hizo. Hizo ni za kutazama tu.
Kusoma, msogelee mtumishi."
Ananitazama kama niliyenunua mkaa kupambia sebule.
Kwetu, ambako mwanga huja kwa tokeni,
mwanga usiofanya kazi!
Nami nilimuuliza Bibi hivyohivyo. Akasema:
"Kutwa nzima kila kitu kinakutumikia. Jembe, ng'ombe, mimi.
Kimoja kiache."

Ndipo wanaingia kumbikumbi.
Tulinagwe wa nyumba ya pili yuko mlangoni na beseni la maji:
"Mama anauliza kama mnawahitaji."
Kwetu hawaliwi. "Chukua wote, baba."
Anavuna kwa mikono miwili, mbawa zimemganda kwenye mashavu.
Mmoja anamponyoka, anatumbukia kizibo cha tatu.
Moshi mwembamba. Harufu ya utambi.

"Mama, washa."

Sheria aliyonifundisha Bibi ni hii: ikizimika, hulazimiki.
Amri ilikuwa kuwasha, na uliwasha.
Utotoni niliona kama Mungu ametusamehe mapema mno,
kama mwalimu anayekusanya madaftari kabla ya kengele.
Siku hizi, nikisuuza nyama, nadhani
alikuwa akizungumza habari za mama yake.

Wakati mimi nipo huko, Tulinagwe, asiyejua sheria yoyote,
amemtoa mdudu kwa ukucha,
amemwinamisha mtumishi, amewasha.
Zipora ananitazama. Nanyamaza.

Saa tatu umeme unarudi,
redio ya jirani inaanzia katikati ya sentensi.
Zipora anainuka kuzima balbu,
anafika kwenye swichi, anakumbuka hesabu,
anaiacha.