Picha ya Kumi na Moja

Mchapishaji aliagiza picha moja
ya kukaa nyuma ya vitabu viwili.
Nikapanda Kyimo na filamu ya picha kumi na mbili,
kamera ndani ya sweta, sweta ndani ya koti la mvua.

Mwalimu Ambakisye alinifungulia kwa kiwiko,
viganja vimejaa masizi ya jiko la mkaa.
Bi Subilaga hakunyanyuka. Alikuwa anasahihisha,
kalamu nyekundu, miguu juu ya gunia la maharage,
na alichokuwa anasahihisha ni cha mumewe.

Meza ni moja. Niliipima kwa jicho, ndiyo kazi yangu.
Upande wa dirishani, taipureta iliyong'oka herufi M
(huzijaza kwa mkono, M baada ya M,
kama mtu apandaye miche ya chai).
Upande wa jikoni, madaftari ya shule
yamefungwa kwa kamba ya mgomba.
Katikati, taa ya chemli
inayosogezwa usiku kucha, kidole kwa kidole,
kila mmoja akidhani mwenzake amesinzia.

"Sogeeni karibu," nikasema.
Hawakusogea.
Kumbe nimeukuta ugomvi una wiki ya pili,
na ugomvi wenyewe ni sentensi:

Mvua ya hapa hainyeshi, inaishi.

"Niliisema mimi," mama akaniambia mimi, si yeye,
"namenya ndizi, hapo hapo ulipoweka begi lako."
"Aliisema," mwalimu akaijibu lenzi,
"kama mtu anayelalamikia nguo zisizokauka.
Mimi ndiye niliyeisikia."
"Kusikia nako siku hizi ni kuandika?"

Nikabonyeza.
Hiyo ya kwanza. Ya pili, ya tatu, mpaka ya nane:
watu wawili na katikati yao nafasi
inayomtosha mtu wa tatu, na mkoba wake.
Ya tisa, chafya.
Ya kumi walitulia kama noti mpya.
Hiyo ndiyo mchapishaji aliyoichukua.

Ya kumi na moja, birika lilifurika.
Wakaruka wote, mikono miwili juu ya kifuniko kimoja.
Akaungua yeye, akapuliza yeye,
na Kiswahili chetu, chenye "yeye" moja kwa wote,
hakiniambii hadi leo
nani aliungua, nani alipuliza.
Picha imetikisika. Nyuso ni mvuke.

Ya kumi na mbili nilipiga mlima. Haukuonekana.

Vitabu vikatoka, nikavinunua vyote.
Kwa mwalimu ipo ukurasa wa arobaini na mmoja,
kwa mama ni mstari wa kwanza.
Hakuna aliyekubali kuifuta.

Mwaka huu, matanga yameshaanuliwa,
mama ameingia studio na ndoo ya maparachichi,
kitenge kimelowa mpaka magotini.
"Ile nzuri ninayo," akasema. "Nipe ile mbaya."

Nikaichapa. Nikaikausha kwa pasi, maana jua ni la kusimuliwa.
"Nyuma niandike nini, mama?"
"Sentensi."
"Na jina?"

Akaitazama muda mrefu ile mikono,
akihesabu, nadhani, vidole vya nani ni vipi.
Juu ya bati mvua ilikuwa inaishi.

"Andika lake," akasema.
Nikachukua kalamu.
"Hapana," akasema. "Kwa penseli."