Una

Pua yangu ilikufa mwezi wa pili, kwa homa ya siku nne.
Sikumwambia mtu.
Asubuhi nilimenya chungwa, nikapata maji tu.
Niliunguza mkate hadi ukawa mkaa,
moshi ukapita usoni mwangu kama mgeni asiyebisha hodi.
Harufu husikiwa, ndivyo tusemavyo.
Basi nilikuwa kiziwi.

Na miaka thelathini na moja nimelinda ghala namba sita,
kuta za mawe, sakafu ya udongo, mto Spey nyuma ya ukuta,
na kazi yangu yote ni neno moja:
kusema lini.

Ilikuwa wiski ya kimea cha shayiri pekee,
miaka kumi na miwili ndani ya mwaloni wa Marekani,
ya rangi ya nyasi kavu, nyofu, yenye adabu zote,
isiyokuwa na la kusimulia.
Oktoba tukaihamishia pipa la Porto,
pipa lililolala na mvinyo mzito miaka arobaini
hata mbao zake kwa ndani zikawa nyekundu kama fizi.
Miezi sita, labda tisa.
Ukiwahi, umelowesha midomo tu.
Ukichelewa, mvinyo unaimeza wiski
nawe unabaki kuuza sharubati ya bei mbaya.

Niligonga pipa kwa nyundo. Likajibu lilivyojibu siku zote.
Niliinua glasi dirishani: shaba, kisha kutu,
lakini rangi ni mwongo aliyevaa vizuri.
Nilionja. Ulimi ukanitajia tamu, chungu, moto,
kama karani anayesoma majina bila kuinua macho.

Yuko msichana anayefagia ghala.
Jina lake Una.
Yeye Una, mimi Sina.
Miaka kumi na tisa, baba yake dereva wa trekta kwa Gilfillan,
hanywi, na viatu alivyovaa ni vya kaka yake.
Nikamwita kwa sauti ya mwalimu anayetahini:
Haya, nusa. Useme.

Machi alisema: "Vanishi ya dawati. Peari ngumu."
Aprili: "Koti la babu likilowa mvua."
Nikaandika daftarini: ngozi, tumbaku, matunda makavu.
Mwongo mimi, mwenye hati nzuri.
Mei akakunja uso:
"Jikoni kwa shangazi Effie, siku tuliyomzika mumewe.
Zabibu kavu, mishumaa,
na mtu amefungua dirisha."
"Nani alifungua?" nikauliza, sijui kwa nini.
"Mimi," akasema.

Wakubwa walikuja kutoka Glasgow, wakasoma daftari,
wakaisifu pua yangu.
Nikainamisha kichwa, kama mtu anayesifiwa suti
aliyoazima.

Juni, Jumanne ya mvua, Una akang'oa kizibo
akainama, akakaa kimya
hata nikahesabu matone ya paa, kumi na saba.
"Sema."
"Sina jina lake."
"Jaribu."
"Koti limeondoka. Jikoni pia.
Ni kama kukutana njiani na mtu
anayefanana na mama yangu ujanani,
akanipita. Hanijui bado."

Nikatoa chaki. Mkono ukatetemeka,
uzee, nitasema wakiuliza,
nikaandika kwenye kifuniko cha pipa: LEO.
Kisha nikampa yeye chaki.
"Tia sahihi."
"Kwa nini mimi?"

Nikamweleza. Maneno machache, nikiutazama ufagio.
Hakucheka. Aliandika jina lake chini ya LEO,
herufi tatu, kubwa, zimeinama kidogo,
akaenda kuita watu wa mpira na pampu.
Aliacha mlango wazi.
Mto ulikuwa umejaa, wa kahawia, wenye magogo,
na nasadiki kwamba ulinuka.