Gunia Linalopitisha Jua

Simbo, saa nne asubuhi. Shangazi Nyandwi anachemsha chikichi
katika pipa lililokatwa nusu,
nami nimechuchumaa kando na kipande cha kioo
kisichozidi stempu,
nimekifunga kwenye kitambaa kama jino la mtoto.

Usicheke. Kimekaa siku mbili basini mapajani mwangu.

Juu yake nimepaka utando wa kaboni,
mwembamba kuliko ganda la kitunguu, mwembamba
hadi neno "mwembamba" lenyewe ni nene.
Ni minyororo: bondi moja, bondi mbili,
moja, mbili, moja, mbili,
kama watwangaji wawili wa kinu kimoja
wasiogonganisha michi.
Katika mdundo huo elektroni hazina mwenyewe,
huzurura mnyororo mzima bila kuulizwa zatoka wapi.

"Na hiki kinakula jua?"
Namwonyesha mafuta yake.
Wekundu ule, shangazi, ni mpango uleule:
mbili, moja, mbili, bondi mbili kumi na moja ndani ya karotini;
humeza buluu, hututemea wekundu.
Umeuza kitu hiki kwa chupa
tangu kabla sijazaliwa.
"Na hukuniambia," anasema. "Ningepandisha bei."

Nabana nyaya mbili. Nakigeuzia juani.
Mwanga unapiga, elektroni inashtuka, inaruka,
lakini tundu ililoliacha linaivuta nyuma.
Viwili hivyo vina umbali wa molekuli chache tu kufika mpakani;
visipofika, hurudiana,
na kinachobaki ni joto.
Vyangu vingi havifiki.
Mita inasema sifuri nukta nne tano.
Hata redio haitakohoa kwa hiyo.

Siku ya tisa mita ilisinzia chini ya nusu ya ile ya kwanza.
Rangi ilipauka ukingoni, pale gundi ilipoingiza hewa.
Shangazi hakushangaa.
Mafuta nayo huchujuka ukiyaanika,
ndiyo maana madumu yake hulala chini ya gunia.
"Funika."

Nikikifunika, hakili.
Nikikiacha wazi, chakula chake ndicho kinachokila.

Akakoroga. Akaengua povu kwa kata, akalimwaga majivuni.
"Basi tafuta gunia linalopitisha jua."

Nimeliandika hivyohivyo daftarini, chini ya tarehe,
karibu na alama ya kidole chake,
nyekundu bado.