Kiputo

Lina miaka thelathini na moja, tangi hili,
limelala chini ya sakafu ya boti
kama mgonjwa asiyetaka kusema panamuuma wapi.
Gunnvor naye kalala kifudifudi, tochi mdomoni,
mkononi kioo cha kujipodolea cha marehemu mamake;
kikubwa zaidi hakikupenya.

Anagonga kwa kifundo cha kidole.
Juu: ngo. Ubavuni: ngo.
Chini, sponji ilikokunywa chumvi misimu yote ile: pwa.

Unga mweupe wa alumini umemganda kuchani.
Dizeli hainuki. Bado.
Asbjørn yuko gatini na kahawa yake:
“Halivuji, basi ni zima.”

Hajibu. Anapaka povu la sabuni mkono unapofika,
anapuliza hewa kidogo kwa pampu ya baiskeli,
anangoja. Theluji ya Vardø inadondoka kutoka mapaani.

Kiputo kimoja, kidogo kuliko punje ya mtama,
kinavimba, kinapasuka,
kinavimba tena.

Angeweza kukifuta kwa kidole gumba.
Chewa wamefika; Jumatatu wote wanatoka.

“Asbjørn,” anasema, tochi ingali mdomoni,
“lete msumeno.
Na hiyo kahawa.”