Daftari la Bi Mwanshamba

Bi Mwanshamba anauza saruji na misumari,
Barabara ya Nane, Ngamiani,
na sharti lake kwangu lilikuwa moja:
"Umeme ukikatika, madeni ya watu yasikatike."

Nikampelekea kompyuta ya mtumba, diski mbili,
na siku tatu za kubishana na nafsi yangu.

Kwetu Makorora natumia mfumo mmoja
wa ukoo wa Yuniksi, mkavu kama uzi wa mkonge.
Hauna mapambo, hauombi sifa.
Umewaka siku mia sita na kumi na mbili
juu ya kabati la vyombo,
mama ameuzoea kama jogoo wa jirani.
Nikasema huu ndio.
Mpishi hampi mgeni chungu asichokila.

Nikauwasha mbele yake.
Kwenye kioo kikachomoza kinembo:
kashetani kekundu, kamevaa viatu,
kameshika uma, kanatabasamu.

Bi Mwanshamba akavuta ushungi.
"Huyu ndiye atakayeshika daftari langu?"
Ni picha tu, mama, nikasema, mzaha wa mafundi wa zamani,
maana yake mtumishi asiyeonekana,
anayefanya kazi nyuma ya pazia.
"Ndio hao hao," akanijibu. "Hata wetu huanza hivyo."

Tukacheka hadi mpimaji nondo akapoteza hesabu.
Picha hufutika kwa mstari mmoja, ningeifuta.
Ila akaniuliza la pili, bila kunitazama,
akimhesabia fundi Kilua chenji:
"Na wewe ukihamia Dodoma?"

Nikakunja vidole.
Tanga nzima wanaoujua mfumo wangu
ni mimi, na Mhina wa bandarini,
na Mhina hapokei simu.

Debiani, binamu yake, ana wenyewe kila mtaa.
Sauda wa Chumbageni humfungua
huku anatafuna kachori, macho yako kwenye tamthilia.
Mambo mapya kwake huchelewa kama barua ya serikali,
lakini yakifika yamekwisha kupikwa.
Simpendi sana. Nimwambie nani?
Duka si langu.

Nikaweka Debiani.
Nikaandika hatua zote kwa Kiswahili,
kwa kalamu ya wino, karatasi ya kaunta,
jinsi ya kuzima, jinsi ya kuwasha,
namba ya Sauda juu, yangu chini,
nikaibandika ndani ya droo ya risiti.
Mkono ulinitetemeka kidogo pale kwenye namba.

Usiku wa Jumanne mtaa ukawa giza
kutoka Barabara ya Kwanza hadi ya Ishirini.
Nikakaa kitandani nikisikiliza jenereta za watu.
Saa sita na robo simu ikang'aa:

"Umeme ulikatika, umerudi.
Nimewasha mwenyewe, sijamsumbua mtu.
Kilua bado anadaiwa elfu arobaini na mbili."